MAJI YA SIKU YA MWISHO



Miongoni mwa mambo ambayo watu huyasifu upesi pasipo kuyapima ni utunzaji. Akitajwa mtu kuwa hapotezi kitu, sisi husikia na kuridhika, wala hatuulizi ni lipi limfanyalo asipoteze. Leo twataka kuuliza hilo. Je, mtu atunzaye kitu kwa kuogopa kukikosa yeye mwenyewe, anastahili kuitwa mtunzaji? Na hofu hiyo ikimwondoka, kutabaki nini?

Swali hili hatukulitoa vitabuni. Lilitujia siku ya mwisho ya safari yetu katika jangwa la Namib, na kwa hakika hatukulijibu vizuri. Twalieleza hapa kama lilivyokuwa, kwani kosa linalofichwa halimfunzi mtu, si mwenye kulitenda wala mwenziwe.

Jangwa hilo liko upande wa magharibi wa kusini mwa Afrika, kando ya bahari ya Atlantiki. Laanzia Angola, lapita Namibia kwa urefu wake wote, na kuishia Afrika ya Kusini. Masafa yake yakaribia kilomita 2,000. Mtu wa pwani yetu, aliyezoea minazi na mikoko, hustaajabu kuona mchanga mkavu umefika mpaka ukingoni mwa bahari. Sababu yake ni mkondo wa maji ya baridi uitwao Benguela, upitao pwani ile ukitoka kusini. Hewa iliyo juu ya maji hayo hupoa, haipandi juu ikafanya mawingu ya mvua. Iletacho ni ukungu, uingiao bara usiku na alfajiri, kisha jua likipanda hutoweka.

Basi kila chenye uhai huko chaishi kwa hesabu ya matone. Kuna mdudu mweusi wa jamii ya mbawakawa, ambaye wataalamu wamempa jina la Onymacris unguicularis. Ukungu ukija, yeye hupanda juu ya kilima cha mchanga, huinamisha kichwa na kuinua mgongo, na umande humkusanyikia mgongoni na kumtiririkia mpaka kinywani. Wataalamu walieleza habari zake mwaka 1976. Kuna na mmea uitwao Welwitschia, wenye majani mawili tu maisha yake yote, nao waweza kuishi zaidi ya miaka 1,000 katika ardhi ambayo sisi tungeiita maiti.

Katika nchi hiyo tulisafiri watu wanne. Tulikodi mjini Windhoek gari la aina wapendayo watalii, yaani gari lililofanywa nyumba: lina vitanda, meko ya gesi, kabati la vyombo, na tangi la maji la lita 60 lenye mfereji wake mdogo. Mwendo wetu hauna haja ya maelezo marefu. Tulikwenda Sesriem tukaona vilima vya mchanga mwekundu na miti iliyokufa karne nyingi zilizopita nayo ingali imesimama wima, tukapita Solitaire, tukavuka korongo la mto Kuiseb, tukafika Swakopmund, mji ulio baharini. Barabara karibu zote ni za changarawe, zenye mawimbi yatikisayo gari mpaka vikombe vikalia kabatini.

Tangu siku ya kwanza tuliwekeana kanuni juu ya maji. Kupiga mswaki, nusu kikombe. Udhu, kikombe kimoja, tena kidogo. Sahani tulizipangusa kwa mchanga, kisha kwa kitambaa kibichi. Na siku tulipokuwa mbali na kisima tulitayamamu, kwani sheria haimtaki msafiri amalize maji kwa udhu ilhali mbele yake kuna kiu ya mtu au ya mnyama. Aliyeacha mfereji ukidondoka alikaripiwa na watatu kwa pamoja. Kufikia siku ya nne tulikuwa tumekwisha kujiona watu wa kiasi. Usiku, kando ya moto, tuliwasema watu wa nyumbani waachao maji yakimwagika uani, nasi tukajihesabu kuwa si katika wao.

Usiku wa mwisho tulilala katika uwanda wa changarawe mashariki ya Swakopmund, chini ya kilima cha jabali jekundu kiitwacho Blutkuppe. Mahali hapo hapana maji, nasi tulikuwa tumelijaza tangi kabla ya kuondoka mjini. Asubuhi tulipolipima tuliona yamebaki yapata lita 35. Jioni ya siku hiyo tulitakiwa tuwe Windhoek na gari tulirudishe kwa mwenyewe.

Hapo ndipo ndimi zetu zilipogeuka. Mmoja alisema kwamba gari likirudi na vumbi tutatozwa fedha za kulisafisha, basi tulioshe papo hapo. Mwingine alitaka kuoga mwili mzima, kwani siku tatu hakupata kuoga. Mwingine akasema maji yatakayosalia yamwagwe, kwani mbele yetu kuna mlima wa Bosua, nao ni mkali. Ya nini kupandisha mzigo usio na kazi? Hatutasema ni nani aliyesema lipi, kwani sote tulikubali, na aliyenyamaza alishika ndoo kama wengine.

Katika muda wa nusu saa tulimwaga maji ambayo jana yake yangalitutosha siku mbili na zaidi. Gari likang'aa. Chini yake palifanyika tope, na mara wakatua ndege wadogo, ambao tangu tufike pale hatukumwona hata mmoja, wakanywa katika kijishimo kilichofanywa na tairi. Tuliwatazama, tukacheka kwa kufurahi, tukawapiga picha. Kabla hatujamaliza kufunga vitu vyetu ardhi ilikuwa imekwisha kukauka, na ndege wamekwenda zao.

Kabla ya adhuhuri, tulipoanza kuukwea mlima, tulikuta gari kuukuu la mizigo limesimama kando ya njia, boneti juu. Palikuwa na mzee mmoja, mwanamke, na watoto wawili waliokaa katika kivuli cha gari. Mpira wa rejeta ulikuwa umepasuka. Mzee alikwisha kuufunga kwa ukanda wa mpira, tena kwa ustadi. Alichokosa ni maji tu. Alitusalimu kwa adabu, akauliza kama twaweza kumpa lita nane au kumi.

Sisi tulikuwa na chupa mbili za kunywa, zisizozidi lita tatu kwa jumla. Tulimpa zote. Watoto wakanywa kidogo, nayo yaliyobaki hayakufika hata nusu ya rejeta. Mzee aliligeukia gari letu lilivyokuwa likimeremeta katikati ya vumbi lile, kisha akaangalia tangi lililo ubavuni mwake, kisha akatutazama sisi. Hakusema neno. Alitushukuru kwa tulichompa, akarudi kivulini.

Tulikaa pamoja nao muda upatao saa moja na nusu, mpaka akapita mwenye shamba mmoja na mitungi nyuma ya gari lake. Rejeta ikajazwa, mzee akawasha gari, akaenda zake. Hakufa mtu wala hakuugua mtu. Nasi jioni tulilirudisha gari likiwa safi, na aliyelipokea akatusifu, akasema laiti wakodi wote wangalikuwa kama sisi. Sifa hiyo ilituchoma kuliko lawama.

Usiku ule mmoja wetu aliuliza swali ambalo mpaka leo twalizungumza katika darsa letu. Alisema, “Lau hatungalikutana na mzee yule, je, tungalikuwa na kosa?”

Jambo hili limewashughulisha watu wa falsafa pia. Mwaka 1976 wawili katika wao, Bernard Williams wa Uingereza na Thomas Nagel wa Marekani, waliandika juu ya nafasi ya bahati katika kumhukumu mtu. Nagel aliuliza juu ya dereva aliyepuuza kutazama breki zake. Akitokewa na mtoto mbele yake na asiweze kusimama, atajilaumu maisha yake yote. Na mwenziwe aliyepuuza vivyo hivyo, ila njia yake ilikuwa tupu, atakula chakula chake cha jioni na kulala. Uzembe wao ni mmoja. Tofauti iliyopo haikutoka kwao. Basi ni haki gani kumlaumu mmoja zaidi ya mwingine?

Sisi twaona hivi. Ni kweli kwamba kukutana na mzee kulituongezea deni, kwani tangu saa ile tulikuwa na mtu maalumu wa kumtaka radhi. Lakini kosa lenyewe halikuzaliwa mlimani. Lilizaliwa asubuhi chini ya jabali, pale ambapo hapakuwa na mtu ila sisi na wale ndege. Mzee alitufunulia lililokwisha kuwapo. Na kama njia ingalikuwa tupu, tungalirudi nyumbani na kosa lile lile, tena tukihadithia namna tulivyotunza maji jangwani. Hali hiyo ya pili ndiyo mbaya zaidi, kwani mgonjwa asiyejijua hatafuti dawa.

Tuziangalie hoja zetu za asubuhi ile moja moja, kwani twadhani si zetu peke yetu.

Hoja ya kwanza ilikuwa kwamba maji ni yetu, tumeyalipia. Hoja hii ina nguvu katika mambo mengi. Lakini katika nchi ya kiu milki ya maji si kama milki ya kofia au ya saa. Namibia yaijua habari hii kwa uchungu. Mwaka 1904, baada ya vita vya Waterberg, majeshi ya Ujerumani yaliwafukuza Waherero mpaka nyika kavu ya Omaheke, upande wa mashariki wa nchi, wakawazuilia njia ya kurudi kwenye visima, na maelfu ya watu wakafa kwa kiu. Sisi hatukumzuilia mtu kisima, wala hatujilinganishi na wale. Twasema tu kwamba katika ardhi iliyoshuhudia hayo, yataka mtu afikiri mara mbili kabla ya kusema maji haya ni yangu nayafanya nitakavyo.

Hoja ya pili ilikuwa kwamba ni kidogo. Haya, na tupige hesabu. Mtu akinywa lita 3 kwa siku, lita 35 zamtosha siku 11. Kwa rejeta ya mzee yule zilikuwa zatosha, na kubaki mara mbili yake. Kwa mbawakawa wa jangwani hesabu yake hatuiwezi. Neno “kidogo” halina maana mpaka tuseme ni kidogo kwa nani; nasi tulipolisema tulikuwa twafikiria mfereji wa hoteli ya Windhoek utakaotufungukia jioni.

Hoja ya tatu haikutamkwa na mtu, nayo ndiyo mama wa zile mbili: safari imekwisha. Kila mmoja wetu moyoni mwake alikuwa amekwisha kuondoka pale. Tulidhani kwamba haja yetu ikimalizika, basi na haja imemalizika. Lakini iliyokwisha ilikuwa safari yetu; jangwa halikwisha. Ndege walikuwa na kiu kesho yake kama walivyokuwa jana yake, na mlima ulikuwa ukiyachemsha magari ya wengine.

Jangwa lile, tena, si jepesi wa kusahau. Katika uwanda wa changarawe kuna viumbe vidogo sana, kuvu na mwani vilivyoungana vikafanya mwili mmoja, navyo hujishika na mawe na kuishi kwa ukungu. Ukiviona wadhani ni madoa ya kutu. Gari likitoka nje ya njia mara moja tu, huvisaga, na alama ya magurudumu hubaki mahali hapo kwa makumi ya miaka. Dereva aliyefanya hivyo siku ya mwisho, kwa kutaka picha nzuri, huwa amekwisha kuzeeka kwao, na alama yake ingali palepale kana kwamba amepita jana.

Sasa twarejea kwenye swali letu la kwanza. Katika korongo la Kuiseb, ambalo tulilivuka, waliishi watu wawili wataalamu wa mawe, Wajerumani, Henno Martin na Hermann Korn. Walijificha humo mwaka 1940 ili wasifungwe kambini wakati wa vita, wakiwa na mbwa wao, wakaishi kwa kuwinda na kwa maji ya madimbwi, mpaka mwaka 1942 Korn alipougua wakalazimika kutoka. Je, watu hao walitunza maji kwa wema au kwa dharura? Hapana awezaye kusema, kwani dharura haikuwaachia nafasi ya kuonyesha. Tone lolote walilolipoteza lilikuwa limetoka katika maisha yao wenyewe.

Sisi nafasi hiyo tuliipata, asubuhi moja. Hofu ya kiu ilituondoka, tukawa huru, na katika uhuru wetu ndipo ilipoonekana kwamba vikombe vyote tulivyovihesabu siku zile tulikuwa twajihesabia nafsi zetu. Tulichokiita utunzaji kilikuwa woga uliovaa nguo nzuri. Wala woga si aibu. Mwenye akili huogopa jangwa. Aibu ni kuuita jina lisilo lake na kujisifu kwalo mbele ya moto.

Huenda msomaji akasema: Mbona mwajikaza hivi? Mazoea mema yana faida hata kama yameanzia kwa hofu. Mtoto huanza kusema kweli kwa kuogopa fimbo, kisha huipenda kweli. Twakubali. Mazoea yaweza kuwa mlango wa wema. Lakini mtoto haipendi kweli ila aelezwe sababu yake. Sisi tuliwekeana kanuni za vikombe, wala hatukuambiana hata mara moja kwamba maji haya yana wenziwe wenye kuyahitaji, watu, ndege na wanyama, tuwepo tusiwepo. Kanuni isiyo na sababu ilianguka pamoja na hofu iliyoisimamisha. Tena tukiri na hili: gari letu lilichoma mafuta mengi kwa ajili ya matembezi tu, na mwenye kufanya hivyo hana haki ya kujiweka mbele kama mwalimu wa kiasi. Twaandika tukiwa wanafunzi.

Ndugu zetu, msidhani habari hii ni ya Namib tu. Hapa kwetu Mombasa twajua maana ya kununua maji kwa mtungi kutoka kwa mwenye mkokoteni. Mfereji ukikauka wiki mbili, nyumba nzima hujifunza hesabu: maji ya kuoshea mchele hupewa kuku, ya kufulia husafishia choo. Kisha siku maji yakirudi, mtu yule yule hufungua mpira akaosha baraza, ukuta, na njia ya umma, na jirani aliye juu kilimani mfereji wake haujatoa hata tone. Hofu imekwenda, na utunzaji umekwenda nayo.

Wala si maji peke yake. Mpangaji aliyeitunza nyumba miaka sita, mwezi wa mwisho huacha bomba likivuja, kwani atakayelowa ni mwingine. Kamati imalizayo muda wake huona fedha zilizosalia ni halali ya karamu ya kuagana. Mfanyakazi akaribiaye kustaafu huacha madaftari bila ya mpango, akasema atakayekuja atajua mwenyewe. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho huandika juu ya dawati ambalo alilifuta miaka mitatu. Kila mmoja katika hao alikuwa mtu mwema muda wote alipokuwa akihitaji kile alichokitunza. Siku ya mwisho ilimwondolea haja, nayo ikatuonyesha alikuwa akimtunzia nani.

Kwa hiyo mwenye kutaka kuijua hali yake asijipime katikati ya dhiki, wala katikati ya kazi ambayo kesho ataulizwa. Na ajipime pale mlango unapokaribia kufungwa nyuma yake, ambapo hapana atakayemrudia na kumdai. Akiiona mikono yake imelegea, asikate tamaa, ila aseme kweli, na aanze tena kwa sababu iliyo bora kuliko ile ya kwanza.

Sisi wanne tumepatana jambo dogo, nalo twawapa ndugu zetu wapimao wenyewe kama lafaa. Katika kila safari ya gari twachukua mtungi mmoja wa lita 20 ambao hauhesabiwi kuwa ni wetu. Hatuunywi wala hatuogi kwao. Siku ya mwisho humpa tumwonaye njiani mwenye haja, na tusipomwona mtu huuacha kwa mlinzi wa kambi au penye nyumba ya mwisho kabla ya mji. Mara mbili tumefanya hivyo katika njia ya Marsabit. Mara ya kwanza alipewa mchungaji, naye akawanywesha mbuzi wake mbele yetu. Mara ya pili hatukuona mtu hata tukafika nyumba za pembezoni mwa mji. Tuliushusha mlangoni pa bibi mmoja ambaye hatumjui, tukamwambia ni wake, tukaondoka.